Kuunganisha risiva ya GPS ya Bluetooth na simu au tableti

Kabla hujagusa simu toa risiva nje, yaani kile kifaa kidogo kinachopokea mawimbi ya setilaiti kujua kiko wapi. Watu wengi wanaiwasha wakiwa sebuleni alafu wanasema mbovu. Chaji ijae, iweke sehemu ambayo anga linaonekana vizuri, upande wa antena uangalie juu, na usitembee nayo kwanza. Inahitaji setilaiti 4 ndo ijue iko wapi, na kila setilaiti inarudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, sasa kama ilikaa kabatini miezi inaanza upya kabisa na inaweza kula dakika kadhaa, vumilia tu.

Ikishatulia washa Bluetooth ya simu, itafute, gusa jina lake. Ikiomba namba ya siri jaribu 0000, ikigoma weka 1234. Simu itaandika imeoanishwa lakini haisemi imeunganishwa, na hapo ndo watu wanaanza kufuta na kurudia mara kumi. Iache hivyohivyo, muunganisho unafunguliwa na programu itakayosoma data.

Kwa Android pakua programu ya kupokea GPS ya nje, zipo za bure. Alafu nenda kuhusu simu, gonga namba ya muundo mara 7, zitatokea chaguo za wasanidi programu, ingia humo utafute sehemu ya kuchagua programu ya kuigiza mahali, uichague hiyo uliyopakua ili simu ifuate risiva badala ya GPS yake yenyewe. Hii hatua usiiruke! Mimi niliiruka, nikaona kidoti kwenye ramani kinanifuata vizuri kabisa nikafurahi, kumbe risiva ilishazima chaji kitambo na kilichokua kinatembea ni GPS ya simu yenyewe.

Kwahiyo usiamini kidoti, fungua ile programu uangalie mistari inayoingia. Tafuta unaoanza na $GPGGA, au $GNGGA kama risiva inasoma na setilaiti za mifumo mingine. Baada ya herufi ya E (mashariki) au W (magharibi) kuna tarakimu moja: 0 maana yake bado haijapata mahali, 1 imepata, 2 imepata na masahihisho juu. Namba inayofuata ni setilaiti inazotumia. Saa iliyoko mwanzoni ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, isikutishe ikitofautiana na ya ukutani.

Wa iPhone na iPad, hazipokei risiva yoyote tu, hakikisha imeandikwa inafanya kazi nazo kabla hujalipa. Vile vifaa vya mkononi vya zamani vya Windows vinataka uingie setingi za Bluetooth utengeneze porti ya COM (mlango wa kupitishia data) ya aina ya kutoka, yaani outgoing, alafu uweke namba ileile kwenye programu ya ramani, spidi 4800.

Na kama jana ilikubali leo inakataa, angalia simu au tableti nyingine ya hapo karibu, nyingi ya hizi risiva zinaongea na kifaa kimoja tu kwa wakati na anayewahi ndo anaishika.