Somo: Kuunganisha data za mikrobiomu kutoka tafiti nyingi

Nimeulizwa mara nyingi mno namna ya kuunganisha data za mikrobiomu (jamii ya bakteria wanaoishi mahali fulani) kutoka tafiti nyingi, hivyo naandika jibu hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku. Somo linahusu jeni ya 16S rRNA, ambayo kila bakteria anayo na ambayo mfuatano wake wa herufi za DNA hutumika kumtambua.

1. Pakua faili ghafi pamoja na taarifa za sampuli, uhakikishe idadi zinalingana.

2. Ondoa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakilishaji wa jeni) kwa programu ya cutadapt. Ukiziacha, herufi zake zenye utata zitaifanya DADA2, programu inayosahihisha makosa ya usomaji, itupe mifuatano mizuri ikidhani ni kimera, yaani mifuatano bandia iliyoungana kutoka bakteria tofauti.

3. Endesha DADA2 kwa kila awamu ya mashine ya kusoma DNA peke yake, kwa kuwa kila awamu ina makosa ya aina yake.

4. Kata mifuatano yote kwa urefu mmoja. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na awamu mbili zilizosomwa upande mmoja tu. Ya kwanza nikaikata kwenye herufi ya 150, na ya pili, ambayo ubora wake ulishuka mapema, kwenye 140. Majedwali huungana pale tu mifuatano inapolingana herufi kwa herufi, kwa hiyo bakteria yuleyule aliingia mara mbili kana kwamba ni wawili. Mchoro wa kulinganisha sampuli ulitoa makundi mawili yaliyotengana vizuri ajabu, nami nikatumia wiki mbili kuyaeleza kwa lishe na umri kabla ya kugundua kwamba nilichokuwa nakieleza ni herufi 10. Chagua urefu ambao awamu dhaifu kuliko zote inaumudu, na ukiona makundi yanafuata awamu, usishangilie.

5. Unganisha majedwali, ondoa kimera, toa majina kwa toleo moja la SILVA (hifadhidata ya mifuatano ya rRNA), kisha futa mifuatano ya mitokondria na kloroplasti, ambayo si ya bakteria unaowatafuta.

6. Usilinganishe hesabu ghafi, kwani jumla ya kila sampuli huamuliwa na mashine, si na wingi wa bakteria. Tumia logi ya uwiano, yaani logi ya hesabu ya bakteria mmoja ikigawanywa kwa ya wengine katika sampuli ileile.

Maswali

Swali: Nimefuata kila hatua, jedwali limetoka tupu.

Jibu: Hukutaja urefu wa mifuatano yako wala ulipokata.

Swali: Ina herufi 151, nimekata kwenye 250.

Jibu: DADA2 hutupa kila mfuatano uliopungukiwa na urefu ulioutaja. Umeitupa yote.

Swali: Utafiti mmoja umesoma V4, mwingine V3 hadi V4 (sehemu za jeni ya 16S). Je, naweza kuibakiza V4 pekee kwa zote mbili?

Jibu: Unaweza, na nafurahi umeuliza kabla ya kuanza. Tafuta praima ya 515F, ambapo V4 huanzia, ndani ya mifuatano mirefu, ukate hapo, kisha usawazishe mikia. V4 hubaki na herufi zipatazo 253. Hata hivyo, kila jozi ya praima hupendelea bakteria fulani, na upendeleo huo hauondoki kwa kukata, kwa hiyo uweke utafiti kama kigezo katika modeli yako. Ikiwa wagonjwa wote wametoka utafiti mmoja na wazima wote mwingine, hakuna hesabu itakayovitenganisha vitu hivyo viwili.

Mchango: Katika hatua ya 1, idadi zangu zililingana lakini majina yalikataa. Excel ilikuwa imegeuza sampuli 0071 kuwa 71.

Jibu: Imenipata pia. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote.