Namna ya kuandaa "Siku Kama ya Leo": tuifanye pamoja tarehe 26 Aprili

Kipande cha "Siku kama ya leo", kinachotaja mambo yaliyotokea tarehe ya leo miaka iliyopita, hakizidi dakika tatu hewani, lakini kukiandaa hunichukua siku nzima. Nakiandaa kwa redio ya jamii, na wanaoniuliza zaidi namna ya kukitengeneza ni walimu wanaotaka wanafunzi wakisome mstarini asubuhi. Basi tuichukue tarehe moja, 26 Aprili, tuifanye tangu karatasi tupu hadi maneno ya kusoma.

Hatua ya 1: Chora safu nne

Mwaka, mhusika, kitenzi, mahali. Safu tatu kila mtu huzijaza. Ile ya kitenzi ndiyo watu huiruka, na makosa karibu yote ya kazi hii hutokea hapo. Tarehe peke yake haisemi kitu. Ni lazima useme siku hiyo *kilifanyika nini hasa*: alizaliwa au alibatizwa? Walisaini, waliridhia, au walitangaza?

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma hewani kwamba siku kama ya leo mwaka 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walisaini Hati za Muungano. Muziki haujaisha, simu ya studio ikalia. Alikuwa mzee mmoja, msikilizaji wetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hati zilisainiwa tarehe ishirini na mbili, kule Unguja. Ishirini na sita ni nyingine."

Alikuwa sahihi. Hati zilisainiwa Zanzibar Jumatano, 22 Aprili 1964. Muungano wenyewe ukaanza Jumapili, 26 Aprili. Siku iliyofuata, tarehe 27, viongozi wakakutana Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, wakabadilishana hati. Siku tatu, vitenzi vitatu. Na kuna mtego wa nne: siku hiyo ya 26 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Iliyozaliwa ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilikuja baadaye mwaka huohuo. Kwa hiyo ukiandika "Tanzania ilisaini", umekosea mara mbili ndani ya maneno mawili.

Hatua ya 2: Kusanya kuliko utakavyosoma

Jaza karatasi kwanza, kuchagua kutakuja. Kwa 26 Aprili mimi huanza na haya: mwaka 1937 mji wa Guernica, nchi ya Wabaski huko Hispania, ulishambuliwa kwa mabomu ya ndege. Mwaka 1954 majaribio makubwa ya chanjo ya polio ya Jonas Salk yalianza Marekani kwa watoto wa shule. Mwaka 1964 Muungano. Mwaka 1986 ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, iliyokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1994 upigaji kura wa kumaliza utawala wa ubaguzi wa rangi ulianza Afrika Kusini.

Hilo la mwisho lirudishe kwenye safu ya kitenzi. Tarehe 26 ilikuwa ya kura maalumu, wakiwamo wazee na wagonjwa. Umma kwa jumla ulipanga foleni kuanzia tarehe 27, na ndiyo siku Waafrika Kusini wanayoiadhimisha kama Siku ya Uhuru. Mimi husema "wazee na wagonjwa walianza kupiga kura". Ni kweli, na inagusa zaidi kuliko "uchaguzi ulifanyika": walioonja ubaguzi kwa miaka mingi zaidi ndio waliotangulia kwenye sanduku.

Hatua ya 3: Siku za kuzaliwa zichunguze moja moja

Orodha nyingi humweka William Shakespeare chini ya 26 Aprili 1564. Tunachokijua ni kwamba siku hiyo alibatizwa, katika kanisa la Holy Trinity, Stratford-upon-Avon. Siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa tarehe 23 kwa mapokeo. Usimwondoe kwenye karatasi, mbadilishie kitenzi tu.

Mwanafalsafa David Hume ana tatizo jingine. Alizaliwa Edinburgh 26 Aprili 1711, ila kwa kalenda ya kale ya Julius. Uingereza ilihamia kalenda tunayoitumia leo mwaka 1752, ambapo baada ya Jumatano ya 2 Septemba ilifuata Alhamisi ya 14. Kwa hesabu yetu Hume alizaliwa 7 Mei. Kila Mwingereza wa kabla ya 1752, na kila Mrusi wa kabla ya Februari 1918, muulize kalenda yake kwanza.

Wasio na utata ni hawa: Charles Richter, mwaka 1900, ambaye jina lake lilibaki kwenye kipimo cha matetemeko ya ardhi, I. M. Pei, mwaka 1917 mjini Guangzhou, msanifu wa piramidi ya kioo ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Na Jet Li, mwaka 1963 mjini Beijing, mwigizaji wa sinema za mapigano ambaye vijana wa mabanda ya video hawahitaji kuelezwa.

Kwa wazee wetu, nenda polepole. Wengi walizaliwa kabla ya vyeti, wakakumbukwa kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, na siku ikajazwa baadaye na karani. Siku aliyozaliwa Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe haijulikani. Ukimpata mtu wa namna hiyo, mtaje siku aliyofanya jambo. Kenyatta alifariki 22 Agosti 1978. Hiyo ni tarehe ya kushika.

Hatua ya 4: Uliza ilikuwa saa ngapi, na wapi

Chernobyl ililipuka saa 7 na dakika 23 usiku kwa saa za Moscow, usiku wa kuamkia Jumamosi. Dar es Salaam ilikuwa saa 6 na dakika 23, kwa hiyo na kwetu tarehe 26 ilikwisha kuingia. London bado ilikuwa Ijumaa ya tarehe 25. Kanuni yangu ni kufuata tarehe ya mahali jambo lilipotokea.

Vilevile tenganisha siku ya tukio na siku ya habari. Dunia haikujua tarehe 26. Jumatatu asubuhi, tarehe 28, kituo cha nyuklia cha Forsmark nchini Sweden kiligundua mionzi isiyotoka kwake, na jioni ya siku hiyo Umoja wa Kisovieti ukatoa tangazo fupi. Usiandike "dunia ilishtuka siku kama ya leo".

Ukihoji wazee wa pwani, angalia neno "usiku". Kwao siku huanza jua likizama, hivyo "usiku wa Jumapili" huweza kuwa ule ambao wa bara huuita Jumamosi usiku. Maandishi yangu yote hutumia "usiku wa kuamkia": Mapinduzi ya Zanzibar yalianza usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964. Siku za wiki ni kipimo kizuri pia. Kutoka Jumapili hiyo hadi Jumapili ya Muungano ni wiki 15 kamili, na mzee akikwambia "ilikuwa Jumapili", kalenda itamthibitishia.

Hatua ya 5: Idadi ya waliokufa

Guernica ilipigwa Jumatatu, siku ya soko, na ndege za Wajerumani na Waitaliano waliomsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Serikali ya Wabaski ilitaja vifo 1,654. Watafiti wa baadaye wamefikia mia chache. Sisomi namba moja kama kwamba nyingine haipo. Husema mji uliteketezwa siku ya soko na raia wengi waliuawa. Mwanafunzi akitaka namba, mpe zote mbili na umwambie kila moja imetoka kwa nani.

Hatua ya 6: Chagua na upange

Matukio matatu, kuzaliwa au kubatizwa kuwili. Anza na la nyumbani. Usiweke mwigizaji wa sinema mara baada ya maiti. Weka jambo la wastani katikati, chanjo kwa mfano. Kwa aliyekufa andika "alizaliwa" tu. "Anatimiza miaka" ni ya walio hai, na iangalie asubuhi ileile ya kusoma.

Hatua ya 7: Andika kwa ajili ya sikio

Sentensi fupi, mwaka mbele. Yangu ya 26 Aprili husomeka hivi:

"Siku kama ya leo, mwaka 1964, Tanganyika na Zanzibar zilianza kuwa nchi moja. Ilikuwa Jumapili, siku nne baada ya hati kusainiwa Unguja. Mwaka 1986, usiku wa kuamkia Jumamosi, tanuri namba 4 la Chernobyl, Ukraine, lililipuka. Nchi nyingine zilizipata habari siku mbili baadaye. Mwaka 1994, wazee na wagonjwa wa Afrika Kusini walianza kupiga kura, kesho yake umma ukafuata. Siku kama ya leo, mwaka 1564, mtoto William Shakespeare alibatizwa Stratford. Na mwaka 1917, alizaliwa I. M. Pei, msanifu wa piramidi ya Louvre."

Isome kwa sauti ukiwa na saa mkononi, kisha nakili karatasi ya safu nne kwenye kadi ya kutunza. Usiandike "miaka sitini iliyopita" kwenye kadi, andika mwaka, ili mwakani iwe bado kweli. Pembeni ya kila mstari weka ulikolipata jambo hilo. Kwenye kadi yangu ya 26 Aprili, pembeni ya mstari wa Muungano, nimeandika: "Mzee alipiga simu. Kusaini ni tarehe 22."