Miziki ya gemu ishakuwa zilipendwa? Jinsi ya kupima mwenyewe bila kudanganywa na utoto

Huu ubishi hauishi. Mmoja anasema miziki ya gemu iliishia kwenye kaseti za Nintendo, mwingine anasema kwani we hujasikia okestra za siku hizi, alafu kila mtu anataja gemu alizocheza akiwa mdogo na mjadala unafia hapo. Mi nina msimamo wangu na ntausema, ila kwanza chukua hedifoni, maana hili jambo linapimika kabisa ukiamua kusikiliza kwa mpangilio.

Anza kwa kuelewa mashine, ukiruka hapa kote kwingine utabishana hewani. Famicom ya 1983, mashine ya gemu ya Nintendo iliyokuja kuitwa NES nje ya Japani, ilikuwa na chaneli 5 tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu ambayo mara nyingi ilibeba besi, moja ya kelele ambayo ndo ngoma zenyewe, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Na hizo hizo chaneli zilitumika pia kwa milio ya kuruka na kuokota vitu, yani ukiruka kuna sauti ya muziki inanyang'anywa nafasi kidogo alafu inarudi. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani, na chipu yake ya sauti ya SID ilikuwa na sauti 3. Game Boy, ile ya mkononi, 4. Sasa mtunzi mwenye sauti tatu atajificha wapi? Hana vinanda vya kuweka nyuma vijaze nafasi, hana mwangwi wa ukumbi, ana tuni na besi basi, kwahiyo tuni ikiwa mbovu kila mtu anajua. Alafu kaseti hazikuwa na nafasi ya kutosha, wimbo ni mfupi na unajirudia wee, mchezaji aliyekwama leveli moja atausikia mpaka auote.

Zoezi la kwanza ndo hili: weka muziki wa leveli ya kwanza ya Super Mario Bros. (1985, Koji Kondo), usiufuate wote, fuata besi peke yake mpaka mwisho. Rudia ukifuata ngoma tu. Rudia tena ukifuata sauti mbili za juu zinavyojibizana. Ukimaliza utaelewa kwa nini watu wanasema ya kale dhahabu, pale hamna noti iliyokaa bure.

Baada ya hapo panda ngazi moja. Super Famicom ya Nintendo ya 1990 ilikuja na chipu ya sauti kutoka Sony, chaneli 8, lakini kumbukumbu ya sauti ilikuwa kilobaiti 64 tu, kwahiyo kila filimbi na kila ngoma ilibanwa mpaka ikawa na ule ukungu wake. Mega Drive ya Sega yenyewe ilikuwa na chipu ya Yamaha iliyotengeneza sauti kwa hesabu, kali, ina chuma ndani yake. Sikiliza Streets of Rage ya Yuzo Koshiro (1991) uone, ule ni muziki wa klabu kabisa umeingizwa kwenye gemu la ngumi. Kisha weka Chrono Trigger (1995). Kilele wengi wanakiweka hapa, au kwenye Final Fantasy VII ya 1997, ambayo ilikuwa kwenye CD lakini muziki wake mwingi bado ulipigwa na chipu ya PlayStation yenyewe. Siwalaumu.

Sasa kipimo ambacho watu wanakikwepa, cha kutoa utoto kwenye mizani. Tafuta gemu mbili za zamani ambazo hujawahi kuzigusa na mbili mpya ambazo pia hujazigusa. Sikiliza wimbo mmoja mmoja bila kuangalia picha. Lala. Kesho yake kabla hujaweka tena, jaribu kuupiga mluzi. Uliobaki kichwani umebaki kwa nguvu zake, haujabebwa na kumbukumbu ya likizo za shule. Na tafadhali usichukue kumi bora za miaka ya 90 ukazilinganisha na gemu lolote lililotoka wiki hii, huo ni wizi, zamani nako kulikuwa na takataka za kutosha, ni vile tu hakuna anayezikumbuka.

Kwenye mluzi za zamani zitashinda mara nyingi, nakwambia mapema usishangae. Ila usifunge kesi, kipimo kinachofuata ndo kitamu kuliko vyote na hakifanyiki YouTube, lazima ushike pedi mwenyewe.

Muziki wa gemu una kitu ambacho wa filamu hauna: haujui mchezaji atafanya nini sekunde ijayo. Hilo lilianza mapema sana, Space Invaders ya 1978 ilikuwa na noti nne tu zinashuka zinajirudia, na kadri adui walivyopungua zikaenda mbio, moyo nao mbio. Mwaka 1991 Monkey Island 2 ikatumia mfumo wa iMUSE, wa Michael Land na Peter McConnell, unatoka sehemu moja kwenda nyingine na muziki unageuka bila kukatika, kama bendi inakufuata nyuma. Sasa chukua gemu la leo. Simama sehemu moja usifanye kitu. Sikiliza. Chokoza adui. Sikiliza nini kimeongezeka, ni ngoma, ni besi, au ni wimbo mwingine kabisa? Kimbia, jifiche, subiri, sikiliza inavyoshuka, je imeshuka kwa utaratibu au imekatwa na panga? Red Dead Redemption (2010) ilijengwa hivo, vipande vingi vilirekodiwa kwa kasi moja na ufunguo mmoja ili kimoja kikae juu ya kingine muda wowote. NieR: Automata (2017) ndo imenimaliza kabisa, ukiingia kwenye sehemu ya kudukua, wimbo wa kwaya unaousikia unageuka papo hapo kuwa milio ya chipu ya zamani, uko pale pale ulipoishia, ukitoka kwaya inarudi. Mtu anayesema hakuna ufundi siku hizi akacheze hapo kwanza.

Alafu kuna zile zinazonyamaza. Breath of the Wild (2017) ilipotoka watu walilalamika tuni ziko wapi, unatembea porini unasikia piano inadondosha noti mbili tatu, kimya, upepo, tena noti. Kupima aina hii chukua gemu lenye settingi ya kuzima muziki, uzime, cheza dakika kumi, uwashe tena. Kama hukuona tofauti, basi muziki huo ulikuwa pambo tu, utoe maksi. Ukiona pori limekuwa tupu, kazi ilikuwa inafanyika na we hukujua. Makubwa mengi ya bajeti nene yanaanguka kwenye kipimo hiki bana, okestra ya watu kibao, kwaya inapiga kelele za vita, na ukizima hukosi kitu.

Tuzo ziache pembeni, ingawa zinapendeza. Baba Yetu ya Christopher Tin, ile sala ya Kiswahili iliyofungua Civilization IV mwaka 2005, ilipata Grammy mwaka 2011 na ndo ulikuwa muziki wa kwanza kutoka kwenye gemu kuipata, na kuanzia 2023 gemu zina kipengele chao pale. Inaonyesha heshima imepanda. Kwenye mluzi haikusaidii.

Msimamo wangu sasa: kwenye gemu kubwa za gharama, zama za tuni zimepita, zilipita pale muziki ulipoanza kuiga filamu, na sioni zikirudi haraka. Tuni zenyewe hazijafa, zimehamia kwa watengenezaji wadogo: Undertale (2015) ya Toby Fox, ambaye gemu na muziki vyote ni vyake, Hollow Knight (2017) kwa muziki wa Christopher Larkin, Celeste (2018) kwa muziki wa Lena Raine. Na kwenye muziki kuucheza mchezo pamoja na wewe, hapo sasa hivi ndo kuko juu kuliko wakati wowote, hata mimi mpenzi wa chipu nakubali.

Kama una jioni moja tu, fanya Mario kwa zoezi la besi, Streets of Rage kwa sauti kubwa, kisha shika Celeste ucheze mwenyewe mpaka ukwame mahali. Utakwama. Kaa hapo hapo ukifa na kurudi, uone kama wimbo umekuchosha wewe au gemu ndo limekuchosha.