Somo: kabla hujaiponda OOP, jua unaponda OOP gani

Wadau, kila mara kuna mtu anauliza kama OOP (kuandika programu kwa obujekti, yaani vipande vyenye data na kazi zake) imepitwa na wakati, mnazozana hadi usiku na kila mtu anaongelea kitu chake. Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

1. Muulize mwenzako anamaanisha nini akisema OOP.

2. Tenganisha koo mbili. Klasi (ramani ya kuundia obujekti) na urithi (klasi moja kuchukua mambo ya nyingine) zilianzia lugha ya Simula 67 ya Dahl na Nygaard kule Oslo, lugha za C++ na Java zikafuata huko. Alan Kay wa lugha ya Smalltalk, aliyelipa hili jambo jina, kwake kiini ni obujekti kutumiana ujumbe na kila moja kuficha mambo yake ya ndani.

3. Urithi. Hapa ndipo watu huumia, soma polepole. Sema unajenga sistimu ya sacco ya matatu, una klasi Malipo yenye metodi (kazi ya klasi) inayoitwa rudishaPesa, MalipoYaSimu na MalipoTaslimu zinairithi. Ya simu inarudi vizuri. Taslimu ameshachukua konda, sistimu haina pa kuitoa, basi mtu anaandika metodi inayotupa eraa tu, na kila mahali palipoamini Malipo yoyote hurudishika panaweza kuanguka saa yoyote. Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alilieleza hili 1987: mtoto akae mahali pa mzazi bila kuharibu kitu. CHUNGA: usirithi eti kwa sababu metodi mbili zinafanana, weka obujekti moja ndani ya nyingine. Na hiyo ni kesi ya urithi, sio ya OOP nzima, Smalltalk-72, toleo la mwanzo la Smalltalk, haikuwa na urithi hata kidogo!

4. Data na kazi (funksheni) kufungwa pamoja. Joe Armstrong, mmoja wa waundaji wa lugha ya Erlang, alilipinga hilo waziwazi.

MASWALI

— Boss kwa hivyo ni nzuri ama mbaya? Niko na intavyu kesho.
Rudi hatua ya 1.

— Umeandika mengi, si ungesema tu Java ni mbaya.
Sijasema hivyo popote. Soma tena.

— Erlang si michakato (programu ndogo zinazokimbia pamoja) inatumiana ujumbe? Hiyo si ndio ya Kay?
Umeona mbali sana. Armstrong mwenyewe baadaye alisema huenda Erlang ndiyo lugha pekee ya OOP.

— Na lugha ya Go?
Ina metodi na intafesi (orodha ya metodi ambazo kitu lazima kiwe nazo), haina klasi wala urithi. Walioitengeneza wakiulizwa kama ni OOP hujibu ndiyo na hapana.

— Nataka kuonja Smalltalk, naanzia wapi?
Pakua Pharo, Smalltalk ya kisasa, ni ya bure. Andika 3 + 4 * 2, utapata 14, kwa sababu + na * ni ujumbe tu, zinatumwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitaka 11 weka mabano: 3 + (4 * 2).