Neno moja kwa kila kipindi: ninavyopanga mwaka wa Kanisa nyumbani

Kwenye mlango wa friji yetu kuna kipande cha boksi la viatu kilichoandikwa kwa kalamu nene ya zambarau: MARANATHA. Kitindamimba wangu ana miaka sita, na kila akifungua friji analisoma kwa sauti kama kondakta anayetaja kituo. Maana yake kamili haijui bado. Sijamwambia yote, na nimefanya hivyo makusudi.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka. Mchana kutwa nalipwa kutafuta neno la Kiswahili litakalobeba neno la wageni, na yale yanayonishinda ndiyo ninayorudi nayo nyumbani, nikabandika moja kwenye friji kwa kila kipindi cha mwaka wa Kanisa. Neno lisilotafsirika lina faida moja kubwa: huwezi kulijibu kwa neno moja ukaondoka zako. Itabidi ulieleze, na ukishalieleza watoto watauliza, "Kwa hiyo tunafanyaje?" Mpango wa kipindi unaanzia hapo.

Lakini kwanza tarehe. Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari, kwa hiyo mimi hukaa na daftari mwezi wa kumi, watoto wakishalala. Chukua mwaka wa 2026/2027. Majilio, majuma ya kuingoja Noeli, yanaanza Jumapili, 29 Novemba 2026. Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ni 10 Februari 2027, Pasaka 28 Machi, Pentekoste 16 Mei. Ziandike hizo nne kwanza, kisha hesabu nafasi zilizo katikati. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, inayofunga kipindi cha Noeli, inaangukia 10 Januari, maana yake kabla ya majivu mna siku 30 tu za Kipindi cha Kawaida, yaani siku zilizo nje ya vipindi maalumu. Pasaka ikiwahi namna hii, anayesema "Noeli ipite kwanza, ndiyo nifikirie Kwaresima" atashtukia yuko kwenye foleni ya kupakwa majivu na hajapanga chochote.

Sasa neno. Nilipoanza nilichagua kwa uzuri wa sauti, nikakosea. Novemba moja, mwezi wa kuwaombea marehemu, nilibandika saudade, neno la Wareno la kumtamani mtu au kitu kisichopo, lenye uchungu na utamu kwa pamoja. Wiki nzima nyumba ilipoa. Siku ya nne mama mkwe akanivuta pembeni: "Mama, kuna msiba ambao sijaambiwa?" Tangu hapo nina sharti moja: neno lazima litendeke. Liwe na kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya kwa mikono au kwa miguu. La hisia tupu libaki kwenye mashairi.

Na ulihakikishe. Orodha za "maneno yasiyotafsirika" zinazozunguka mitandaoni zimejaa chumvi. Fungua kamusi ya lugha yenyewe, au muulize mtu anayeizungumza. Kisha andika chini yake jinsi linavyotamkwa kwa herufi zetu, la sivyo mtaligombania mpaka Pentekoste.

Majilio ndiyo niliyohangaika nayo zaidi. Mara ya kwanza niliweka Vorfreude (foa-froi-de), neno la Wajerumani la furaha unayoipata kabla jambo lenyewe halijafika. Nikapanga shughuli 24, moja kwa kila siku. Siku ya tisa nilikuwa nikiwafokea watoto wafurahi haraka, nina nguo za kupasi. Nikaing'oa karatasi.

Maranatha ilinitatulia tatizo ambalo hata sikujua ninalo. Ni Kiaramu, na Mtakatifu Paulo aliliacha hivyohivyo katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, 16:22, ingawa alikuwa akiandika Kigiriki. Ukilikata marana tha, unasema "Bwana wetu, njoo". Ukilikata maran atha, unasema "Bwana wetu amekuja". Herufi ni zilezile. Na Majilio yenyewe yamekatwa vivyo hivyo: hadi 16 Desemba liturujia inatazama zaidi ujio wa Bwana mwisho wa nyakati, halafu kuanzia tarehe 17 hadi 24 inageukia kuzaliwa kwake Bethlehemu.

Basi na sisi tunaikata kazi. Sehemu ya kwanza ni ya mtu anayengoja mwenye nyumba arudi. Tunarudisha vitu vya watu tulivyoazima, tunalipa madeni madogomadogo, nampigia simu yule niliyenuniana naye, kila mtu anatoa nguo zisizomtosha. Mapambo hatugusi, isipokuwa taji la Majilio na mishumaa yake minne, ule wa waridi ukingoja Jumapili ya tatu. Tarehe 17 ndipo boksi la pango linashuka kutoka juu ya kabati.

Jioni zile saba, 17 hadi 23, tunasoma antifona za "Ee", vibwagizo vifupi vya kumwita Kristo kwa majina yake, kutoka Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya jioni, moja kila siku, kuanzia "Ee Hekima" hadi "Ee Emanueli". Binti yangu mkubwa, ambaye ana umri wa kuchoshwa na kila kitu, nilimpa karatasi aandike majina hayo kwa Kilatini, yakifuatana kwenda chini: Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel. Nikamwambia asome herufi za mwanzo kutoka chini kwenda juu. Akasoma: ERO CRAS. "Maana yake?" Nikamwambia: kesho nitakuwapo. Hakusema kitu, ila tarehe 18 ndiye aliyewasha mshumaa bila kuambiwa.

Kwaresima ina neno la Kiswidi, lagom: kiasi kinachotosha, si kidogo wala si kingi. Asili yake inahusiana na neno la sheria, yaani "kama ilivyo desturi". Ninalihitaji mimi kuliko watoto, kwa sababu Februari huwa najiwekea mizigo saba na kufika Machi nimebakiwa na hatia tu. Siku hizi kila mtu anaandika mambo matatu, moja la sala, moja la kufunga, moja la sadaka, na karatasi inakunjwa. Anayetaka la nne anafuta moja.

Juma Kuu linaingia na Torschlusspanik (toa-shlus-panik), hofu ya lango kufungwa. Vuta picha akilini ya mtu wa zamani akikimbia jioni kabla lango la mji halijafungwa. Ndivyo tulivyokuwa tukikimbilia kitubio, sisi na parokia nzima. Dawa yake ni tarehe moja tu kwenye daftari: kitubio cha familia kinafanyika kabla ya Jumapili ya nne ya Kwaresima. Ijumaa Kuu hatuweki neno la kigeni. Kifungua mimba aliandika POLE, neno ambalo miye mwenyewe nikilikuta kazini naanza kuzunguka. Lilikaa pale hadi Jumamosi jioni.

Aleluya nayo haijatafsiriwa, inaimbwa kwa Kiebrania chake dunia nzima, na Kwaresima hainenwi kabisa. Jumanne kabla ya majivu tunaiandika kwa rangi, mtoto mmoja anaificha, na baada ya Kesha la Pasaka anaitoa. Mpe kazi hiyo mtoto anayekumbuka. Sisi tuliwahi kupekua nyumba Pasaka asubuhi, ikaja kuonekana baada ya Pentekoste ndani ya mfuko wa koti la mvua la bibi yao. Siku hizi naandika mahali ilipofichwa, ukurasa wa mwisho wa daftari.

Kipindi cha Kawaida ni kirefu na sikipangi sana. Neno ni sobremesa, la Wahispania: kubaki mezani mkizungumza baada ya kula. Jumapili, dakika 20, simu ziko chumba kingine, hakuna anayenyanyua sahani. Basi.

Vipande vya boksi vya zamani navitia kwenye bahasha. Cha saudade nilikigeuza, upande wa pili nikaandika namba ya fundi bomba.