Ukihamia kijijini England, anzia kwenye ukumbi wa filamu

Ndugu zetu wengi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda waliletwa na kazi ya kutunza wazee hadi vijiji vya England ambako basi la mwisho hupita kabla ya magharibi na Jumapili halipiti kabisa. Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi kaskazini mwa mkoa wa Herefordshire, upande wa mji wa Leominster, katikati ya mashamba ya mitufaha. Wageni wanaofika huniuliza: dada, huku watu wako wapi? Watu wapo. Wako ukumbini.

Karibu kila kijiji kina ukumbi wake. England nzima ziko zaidi ya 10,000. Ukipita nje hutaona cha kukuvuta, ni jengo la kawaida na kiwanja cha kokoto cha kuegesha magari. Ndani yake ndimo harusi, mikutano, mazoezi ya viungo na sinema hufanyika. Huku Herefordshire na jirani zetu wa Shropshire kuna mpango uitwao Flicks in the Sticks, unaoendeshwa na shirika la Arts Alive, wa kupeleka filamu kwenye kumbi za vijiji. Kisha kuna Borderlines, tamasha la filamu lililoanza mwaka 2003, ambalo hufanyika mwishoni mwa Februari hadi Machi. Kitovu chake ni The Courtyard mjini Hereford, ila filamu zake hufika hadi vijijini, na zinatoka nchi za kila pembe ya dunia.

Kupata ratiba, usitegemee simu peke yake. Tazama ubao wa matangazo karibu na kanisa au kituo cha basi, na usitupe lile jarida la parokia linaloingizwa mlangoni kwako. Hata kama wewe ni Mwislamu, lisome. Humo mna habari za kijiji kizima. Chini ya tangazo la filamu mara nyingi kuna namba ya jirani anayeuza tiketi. Mpigie, mwambie jina lako na nyumba unayokaa. Utakapofika mlangoni, tayari kuna mtu mmoja anayekujua.

Filamu ikianza saa moja na nusu usiku, wewe fika saa moja. Vaa sweta, beba mto wa kukalia kwa sababu viti ni vigumu, na tochi, maana vijiji vingi havina taa za barabarani na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Uwe na sarafu za bahati nasibu. Zawadi hupangwa mezani, na kwa kawaida mshindi huchagua mwenyewe, hivyo asiyekunywa divai ataondoka na chokoleti au ua la chungu. Katikati ya filamu huwa kuna mapumziko. Usibaki kwenye kiti ukichezea simu. Nenda penye birika la chai.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Filamu ikiisha, usiondoke. Kunja viti, futa meza, osha vikombe. Watu wa vijiji hivi wengi wana haya; wanaogopa kukuuliza habari zako wasije wakakukwaza, na ukikaa kungoja ukaribishwe unaweza kungoja mwaka. Lakini mkisimama wawili kwenye sinki, mmoja anaosha na mwingine anakausha, maneno yanatoka yenyewe: mvua, goti linalouma, mbwa, mjukuu aliye Australia. Mara ya tatu utaitwa kwa jina. Rafiki yangu mkubwa hapa, mama mstaafu anayenizidi umri kwa mbali, nilimpata hivyo, tukiwa na vitambaa vya kukaushia vyombo mikononi.

Usafiri uombe bila aibu. Uliza nani anapita njia yako. Changia mafuta ya gari. Wakikataa, na wengi hukataa, peleka mandazi. Ukipika kwa ajili ya meza ya ukumbi, andika kwenye karatasi kilichomo, hasa karanga, maziwa, mayai na ngano, kwa kuwa mzio ni jambo la kufa na kupona. Na usiende kwa mtu bila taarifa kama tunavyozoea nyumbani. Tuma ujumbe kwanza, hata kama mnatenganishwa na ua wa miti tu.

Sherehe za mwaka nenda na hao hao uliooshea nao vikombe. Januari kuna usiku wa mitufaha. Kwenye tangazo utaona neno wassail. Watu huingia shambani na mienge, humwagia mizizi pombe ya tufaha, hutundika matawini mkate uliochovywa kwenye pombe hiyo, na hupiga kelele kufukuza pepo wabaya ili mavuno yawe mema. Mwanzoni mwa Mei, kijijini Clun, Mtu wa Kijani, aliyevikwa majani kama ishara ya majira ya kuchipua, hupambana na malkia wa barafu darajani, na majira ya baridi hushindwa. Septemba ni tamasha la chakula ndani ya ngome ya Ludlow, lililoanza 1995. Soseji ni nyingi pale, basi uliza ni nyama gani kabla ya kuonja. Ukiwa na siku ya mapumziko, nenda pia Tenbury Wells ukaione Regal, sinema ya mwaka 1937 yenye kuta zilizochorwa.

Ukishazoeleka, omba kuingia kwenye kamati inayochagua filamu. Nafasi huwa haikosekani, kwa kuwa kazi hii ni ya kujitolea na mikono daima ni michache. Pendekeza filamu ya kwetu. Mimi ningeanza na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar wakati wa mkoloni. Ulizia mapema leseni ya kuionyesha hadharani na tafsiri ya maandishi chini ya picha. Halafu jiandikishe zamu ya jikoni usiku huo, uchemshe chai ya tangawizi na iliki kwa sufuria kubwa.