Mdogo wako wa Lubumbashi anaomba dola za kozi ya TCF, mtihani wa Kifaransa: utume au usitume?

Sauti iliingia WhatsApp saa kumi na moja alfajiri kwa saa za huku Kanada. "Yaya, nisaidie dola mia mbili makumi tano. Kozi ya TCF inaanza wiki ijayo, nafasi zinaisha." Nilituma siku hiyohiyo. Mdogo wako akiomba pesa za masomo, utasemaje hapana?

Baada ya mwezi nikamwomba anipigie picha kopi zake zilizosahihishwa. Ilikuwapo moja tu. Kazi ya tatu ya kuandika katika mtihani huo inataka maneno 120 hadi 180. Yeye alikuwa amejaza karibu 260, mwandiko mzuri kabisa. Chini yake mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja tu: Bien, yaani vizuri. Kozi ilikuwa na wanafunzi zaidi ya arobaini na silabusi ya fotokopi, nyingi ya kurasa zake zilichukuliwa kwenye intaneti.

Tangu hapo nina msimamo wangu: karatasi usizilipie, mlipe mtu wa kusahihisha.

Ila kwanza uliza kama mtihani wenyewe unahitajika. TCF Canada ni ya uhamiaji: makazi ya kudumu na uraia. Anayekwenda kusoma chuo cha Kifaransa aangalie masharti ya chuo chake, kwa sababu mara nyingi shule aliyosoma kwa Kifaransa inatosha. Kwa Express Entry, njia ya Kanada ya kuomba makazi ya kudumu kwa wafanyakazi wenye ujuzi, kinyume chake, hakuna anayesamehewa, hata kama amesoma Kifaransa tangu darasa la kwanza na ana diploma ya serikali. Wengi Lushi, yaani Lubumbashi, huliona hilo kama tusi. Sitabishana nao, lakini ndiyo sheria.

Halafu mpime kabla ya kulipa. TV5Monde ina mazoezi ya TCF ya bure. Kusikiliza ni maswali 39 kwa dakika 35, na kila sauti inachezwa mara moja tu. Kusoma ni maswali 39 kwa dakika 60. Akae mezani, simu ya pili ihesabu saa, mtu wa nyumbani azuie watoto. Wanaolenga NCLC 7, yaani ngazi ya saba katika kipimo cha Kanada cha Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wanaitafuta, wanahitaji angalau 458 kusikiliza, 453 kusoma, na 10 kati ya 20 katika kuandika na kuongea. Mazoezi ya bure hayatampa alama rasmi, lakini yatakuonyesha anapokwama. Kwa vijana wetu waliosoma kwa Kifaransa, mara nyingi kusoma hakusumbui sana. Kinachowaangusha ni saa, pamoja na kuandika na kuongea.

Kuongea kwake unaweza kupima wewe mwenyewe, bure. Mtihani mzima wa kuongea ni dakika 12: mahojiano mafupi, kisha yeye anamuuliza mtahini maswali ili apate habari fulani, kisha anatetea maoni yake bila kupewa muda wa kujiandaa. Mpigie, mpe mada ghafla ("Je, watoto wapewe simu shuleni?"), mwache aongee dakika nne na nusu. Mdogo wangu alinyamaza kwenye dakika ya pili. Kifaransa chake hakina shida. Hajazoea kutetea hoja mbele ya mkubwa wake bila kukatizwa.

Akikwama hapo, mwalimu wa kulipwa ana kazi ya kufanya. Kabla ya kutuma, zungumza na mwenye kozi wewe mwenyewe: kila mwanafunzi anasahihishiwa kopi ngapi, na nani? Darasani wako wangapi? Je, kila mmoja anaongea akipimwa kwa saa? Mtu akikuahidi alama, au akikwambia ana maswali ya mtihani unaokuja, kata simu. Pesa zenyewe tuma kidogokidogo, na ada ya mtihani iweke kando. Isiliwe na kozi.

Kwa Kiingereza hesabu ni nyingine. Aliyekulia Katuba au Ruashi kwa Kiswahili na Kifaransa hatapata Kiingereza kwa wiki sita za mbinu za IELTS, mtihani wa Kiingereza. Huyo atafute kwanza masomo ya lugha, miezi mingi, na kozi ya mtihani ije mwishoni. Na akikuambia amepata mtihani wa Duolingo unaofanyika nyumbani, mwambie vyuo vingi vinaupokea lakini Express Entry haiupokei.

Sisi tulimpata mwalimu mstaafu wa Kifaransa, jirani wa mama huko Kamalondo. Dola 4 kwa kopi, kopi mbili kwa wiki, na analipwa akishamaliza kusahihisha. Kopi ya kwanza ilirudi imechorwa nyekundu kila mahali, na pembeni ameandika: "Maneno 243. Futa 63, kisha urudi." Mdogo wangu alinuna siku mbili. Kopi ya tano ilikuwa na maneno 176.